Dakika Mbili za Kiingereza Mjini Kakamega

Niliondoka Chekalini Ijumaa asubuhi kwa sababu ya dakika mbili. Mimi ni muuguzi, na hospitali moja ya ng'ambo ilikuwa imekubali kuniajiri, mradi nifaulu mtihani wa Kiingereza mjini Kakamega Jumatatu. Nikianguka, nafasi inampata mwingine. Kusikiliza, kusoma na kuandika hakukunitisha. Kilichoninyima usingizi ni kuzungumza: unapewa kadi yenye mada, unafikiri kidogo, halafu unaongea peke yako hadi dakika mbili mtahini akikutazama. Wodini nimezoea maneno machache: amelala, homa imeshuka, basi. Kila nilipojirekodi kwa simu, sentensi ya tatu ilinikuta nimekauka.

Adhuhuri nilifika Kakamega, nikaenda kwanza kukiona kituo cha mtihani nisije nikahangaika siku yenyewe. Askari wa getini alinishauri, "Kuja mapema na pasipoti yako. Simu inabakinga hapa nje." Nikamshukuru, nikapanda boda hadi Shinyalu kwa Senge Rael, dada wa marehemu baba. Pande zote ilikuwa chai na mahindi, na hewa ya msitu wa Kakamega ikanipoza kichwa.

Jioni nilikaribishwa kwa obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kwetu. Senge akauliza habari za nyumbani. Nikajibu kwamba mama ni mzima na mahindi yako sawa, nikarudi kwenye paja la kuku.

"Ni hiyo tu?" Senge akashangaa. "Wewe unaongeanga ni kama maneno inauzwa dukani!"

Binti yake Esta, mwalimu wa chekechea, alicheka hadi akapaliwa.

Jumapili kanisani wageni tuliombwa kusimama. Kumbe Senge alikuwa ameshamwambia mchungaji kwamba nitasalimia kwa Kiingereza, na Esta atatafsiri. Nilitamani ardhi inimeze. Nikasimama mbele, Esta kushoto kwangu, nikasema kwa Kiingereza kwamba mama yangu analima mahindi.

Esta akashika maikrofoni na kutafsiri kwa Kiluhya: mama huyu huamka kukiwa bado giza, huzungumza na mahindi yake kama watoto, na mwaka ule mvua ilipokawia alilia shambani. Kanisa zima likapiga makofi.

"Lakini sijasema hayo," nikamnong'oneza.

"Si ni kweli? Basi sema mwenyewe!"

Nikasema. Nikaongeza na siku ng'ombe wa jirani alipovunja ua, na mama alivyomfukuza kwa mwiko. Watu walicheka kabla Esta hajatafsiri, na mimi nikasikia raha ambayo Kiingereza hakijawahi kunipa.

Jumatatu nilikuwa getini mapema. Zile sehemu tatu zilipita vizuri, kisha nikaitwa kwenye chumba kidogo kwa mtahini, mama wa makamo mwenye miwani. Kadi ilinitaka nieleze kitu cha zamani nyumbani ambacho sitakitupa. Nikachagua redio yetu. Nikasema, "Tuna redio kuukuu." Halafu nikanyamaza, nikageuka kushoto, nikamsubiri Esta atafsiri.

Mtahini naye akatazama kushoto. Kulikuwa na ukuta.

Nikataka kucheka. Ya Esta nikayafanya mwenyewe: nikaeleza baba aliinunua kwa pesa ya magunia yapi, nani huipiga kofi ikikataa kusema, na kwa nini mama hutuzuia kuiuza. Nilikuwa bado naendelea mtahini alipoinua mkono kunisimamisha. Makosa yalikuwepo, niliyasikia yakipita, lakini hayakunizuia.

Jumanne nilirudi Chekalini. Matokeo yalinikuta siku chache baadaye nikipukuchua mahindi na mama: nimefaulu. Kumbe mtihani ule haukutaka mtu anayeogopa kukosea. Ulitaka mtu mwenye la kusimulia, na hilo nilikuwa nalo tangu zamani.

Mama alipiga vigelegele, akazunguka uwanja mzima. Kisha akatulia, akafuta macho kwa leso.

"Sasa huko, asubuhi utaambia nani mulembe?"

"Wagonjwa, mama. Nitawafundisha salamu yetu."

Akanitazama, akacheka, akavuta gunia lingine katikati yetu.