Siku Nne Nilizozipeleka Deruta

Niliwahi kuamini, na akili zangu timamu, na cheti changu cha skuli ya usiku kikiwa kimetundikwa ukutani, kwamba Italia kuna mji mmoja juu ya kilima ambako watu wameacha kufa. Aliyenambia ni Sele, mwenzangu wa Unguja ambaye tuliondoka pamoja baada ya Mapinduzi, na ambaye London alikuwa na duka la vyombo vya meza karibu na Edgware Road. Tulikuwa tunakunywa kahawa. Akasema mji wenyewe unaitwa Deruta, watu wake wote ni wafinyanzi, na mtu akiumwa humchora juu ya udongo, udongo ukatiwa motoni, na mgonjwa akainuka. Kisa alikipata kwa Mtaliano anayemletea vikombe na birika. Ati makaburi ya mji yalishafungwa kwa kukosa wateja, watu wamepanda kabichi.

Siku nyingine ningecheka mpaka kahawa inimwagikie. Siku hiyo sikucheka, kwa sababu asubuhi yake daktari alikuwa ametuita, mimi na mke wangu Zuhura na binti yetu Salma, akatwambia kuwa ini la Zuhura limefika mwisho na hospitali haina la kuongeza. Bora arudi nyumbani. Zilizobaki ni wiki, alisema, si miezi.

Nyinyi mlioko nyumbani mtaelewa kwa nini niliamini. Kwetu mtoto akishikwa na homa, mwalimu huandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, maandishi yakakoshwa kwa maji na marashi, mgonjwa akanywa. Ndilo kombe hilo. Mimi utotoni nimekunywa makombe ya kujaza bwawa la kuogelea. Basi nikajiambia, kumbe Wataliano nao wana kombe lao, tena lao limepikwa motoni, halifutiki. Litanywewa kila asubuhi mpaka mtu achoke kupona.

Zuhura sikumwambia. Alikuwa mtu wa kuuliza maswali mawili tu na hoja yako ikaanguka. Miaka mingi alikuwa akifanya kazi kwenye chumba cha kufulia nguo za hospitali, akikunja mashuka pamoja na wanawake wa Kitaliano na wa Jamaika, na huko alijifunza mambo ambayo mimi sikuyapata kwa mwalimu yeyote wa usiku. Nikamwambia Sele ana shughuli, kaniomba nikamtazamie vyombo vya duka lake.

"Lazima uwe wewe?" akauliza. Alikuwa kitandani, kitanda tumekishusha chumba cha mbele, apate kuwaona watu wanaopita njiani.

"Lazima, Mama Salma. Nani mwengine anajua kusoma ramani?"

"Siku ngapi?"

"Nne tu."

Akazihesabu kwa vidole, kimoja kimoja, kisha akaukunja mkono wake akauweka chini ya shuka. Salma, aliyezaliwa hapahapa, anayefahamu Kiswahili chote na hujibu kwa Kiingereza chote, alinifuata mpaka ngazini akaniuliza kama nimerukwa na akili, kusafiri wakati huu. Nikamwambia yako mambo ya wakubwa. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Jumatatu asubuhi nilitoka Thornton Heath kwa treni, nikabadilisha Croydon, nikafika kiwanja cha ndege mapema hivi kwamba wafagiaji walinidhania mwenzao. Mkobani nilikuwa na picha ya Zuhura, chupa tupu ya marashi ili nisisahau kununua nyingine, na sandwichi za mayai alizonitengenezea Salma kwa hasira. Mchana niko Roma. Stesheni ya Roma ni kubwa, mtu anaweza kuingia kwa mlango wa mbele akiwa kijana akafika kwenye treni yake ana mvi. Nikapanda treni ya kaskazini, nikabadilisha Foligno, na jioni nikalala Perugia, katika hoteli ambayo kitanda chake kilinipokea nusu na nusu nyengine nikajibeba mwenyewe.

Jumanne saa tatu asubuhi basi lilinishusha Deruta. Njiani tulifuata bonde la mto Tiber, mizabibu imeshachumwa, majani yake yamekuwa mekundu. Mji umekaa juu ya kilima na kuta zake za zamani, na chini yake, kandokando ya barabara, maduka ya sahani yamejipanga moja baada ya jingine. Sahani zimebandikwa kwenye kuta za nyumba, kwenye milango, kwenye majina ya vichochoro. Ningekaa kidogo wangenibandika na mimi.

Lakini kabla ya kufika, basi lilipita makaburini. Nilisimama kitini nitazame. Palikuwa na miti mirefu myembamba, na makaburi mengi, yenye picha za wenyewe na maua ya juzijuzi. Kabichi sikuiona hata moja. Nikajiambia, hao watakuwa waliokufa kabla dawa haijagunduliwa. Nikakaa.

Karakana niliyoingia ilikuwa ya bibi mmoja wa miaka sabini hivi, Bi Assunta, mfupi, vidole vyake vina rangi ya samawati mpaka kwenye kucha. Mkwewe Paola aliwahi kulea watoto London, kwa hiyo Kiingereza chake kilikuwa safi kuliko changu. Nikatoa picha. Nikasema nataka mke wangu achorwe na ugonjwa wake, na kuinuka kwake.

Paola akasema desturi yao ni kigae cha kubandika ukutani. Nikasema mimi nataka sahani, tena yenye kina, iweze kukaa maji. Bibi akainua mabega, akachukua sahani iliyokwisha chovywa kwenye ule uji wao mweupe wa kupaka vyombo, imekauka, imekuwa kama imepakwa unga. Nikasogeza mkono, akanipiga kidole. Ule unga hunywa rangi papohapo; ukikosea hakuna kufuta.

Kisha akauliza kitu, na Paola akanitafsiria: "Anauliza mkeo amepona lini."

Nataka niwaeleze vizuri hapa, maana nimepalala na kupaamkia mara nyingi. Kwetu huendi kuchukua dawa na huku unatia shaka. Ukiweka nia, unaiweka kama jambo limeshakuwa. Nikajibu bila kupepesa: "Ijumaa iliyopita."

Bi Assunta akaweka brashi chini. Akanishika uso kwa mikono yake miwili yenye rangi, akasema maneno ambayo sikuhitaji mkalimani. Akamwita jirani, jirani akaja na kahawa na biskuti. Wakataka kujua yote. Nami mnanijua, mtu akinipa sikio moja nalijaza, akinipa mawili nayafurisha. Nikasema Zuhura ameamka asubuhi, katupa shuka, kaingia jikoni kukaanga maandazi. Nikasema kapandisha gunia la mchele ngazi tatu, na mimi nyuma yake nikihema. Nikasema alilikimbiza basi la Croydon, akalipita, akalisubiri kituo cha mbele. Wakacheka mpaka jirani akafuta macho, nami nikafuta yangu. Kwa muda wa saa moja, katika chumba kile chenye vumbi la udongo, mke wangu alikuwa mzima kabisa. Nilikuwa ninamwona. Nilisikia mafuta yakichemka.

Bibi akamchora hivyohivyo: amesimama mbele ya jiko, kanga mabegani, andazi kwenye kijiko, na nyuma yake kitanda kitupu, shuka limekunjwa. Juu pembeni kulikuwa na wingu. Paola akaeleza kwamba humo huwa wanamtia Bibi Mariamu na mwanawe, akaniuliza dini yangu, kisha akazungumza na bibi, na wingu likaachwa tupu, lina mwanga tu. Chini akaandika herufi tatu, P.G.R. Rangi zote zilikuwa za majivu. Wakasema moto ndio utakaozifufua. Tanuri litawashwa jioni, litafunguliwa asubuhi ya Alhamisi, si kabla, sahani zisije zikapasuka.

Jumatano sikuwa na la kufanya ila kungoja. Paola alinielekeza kanisa dogo nje ya mji, mwendo wa saa moja kwa miguu, nikaone kazi za wazee wao. Nikasema bismillahi mlangoni nikaingia. Kuta zimejaa vigae, kutoka chini mpaka asipofika mtu, vingine vya mamia ya miaka. Kila kimoja ni mtu na balaa lake. Huyu anaanguka mtini, kichwa chini. Huyu kapigwa teke na nyumbu. Huyu gari la ng'ombe limempitia tumboni. Wengi wako vitandani, jamaa wamepiga magoti. Na chini ya kila kimoja, zile herufi tatu.

Nikazunguka kama mkaguzi. Nilipomkuta mtunza kanisa, mzee mwenye fagio, nikamuuliza kwa vidole na kwa Kiingereza: huyu, alikufa? Akatikisa kichwa. Na huyu wa nyumbu? Akatikisa. Na huyu wa mtini? Hapana, hapana, hakuna aliyekufa. Nikarudi mjini nikiwa mwepesi. Sidhani kama nyayo zangu ziligusa barabara. Balaa zote zile, na hakufa hata mmoja. Ushahidi gani tena nilikuwa ninautaka?

Alhamisi asubuhi Bi Assunta alifungua tanuri. Majivu yamekuwa samawati, na njano, na kijani, na kanga ya Zuhura inawaka. Hakutaka nilipe yote. Alisema nusu ni zawadi kwa yule anayekimbiza mabasi. Nikaifunga ndani ya koti langu, na koti nikalipakata kutoka basi mpaka treni, kutoka treni mpaka ndege. Nilitetemeka kwa baridi mpaka Thornton Heath, lakini sahani ilikuwa na joto.

Ijumaa asubuhi niliifungua mbele yake. Zuhura alikuwa amepungua. Nilipoondoka alikuwa akishika kikombe mwenyewe; sasa mkono ulikuwa haufiki. Aliitazama sahani kwa muda mrefu, jiko, kanga, wingu, na zile herufi chini.

"Umeninenepesha," akasema.

Jikoni Salma alinisimulia, kwa Kiingereza chake, kilichotokea Jumanne. Mama yake aliamka hana maumivu. Akataka kushikwa mkono mpaka jikoni. Akasimama, akaelekeza unga ukandwe vipi, akakaanga mwenyewe maandazi ya mkupuo mmoja, akicheka, akiuliza Baba Salma yuko wapi ale ya moto. Kisha akarudi kitandani, na tokea hapo hakuinuka. Salma akanionyesha bakuli. Yalikuwa yamebaki mawili, yamekauka.

Nami, jamani, nilifurahi. Nikamwambia Salma, unaona? Jumanne ndiyo siku aliyochorwa. Imeanza kufanya kazi tangu haijaingia tanurini. Salma akanitazama, akaniachia jiko.

Basi kila asubuhi, kwa muda wa siku saba, nilitia maji na marashi kwenye sahani ile, nikampa mke wangu mkono wangu wa kushoto chini ya kichwa, na kwa wa kulia nikamnywesha. Alikuwa akinywa polepole, macho yake yananitazama juu ya ukingo. Hakukataa hata siku moja. Baadaye nilimlaza, nikamsomea, nikamsimulia Roma na ile stesheni, na kila siku stesheni iliongezeka urefu.

Siku ya nane hakuweza kumeza zaidi ya mara mbili. Nikaishika sahani mbele ya dirisha, nikaigeuza, nikapata jibu. Nikamwambia tatizo ni udogo. Sahani ndogo, ugonjwa mkubwa. Nitarudi kwa yule bibi anichoree sinia zima. Siku nne tu.

"Baba Salma," akasema. "Kaa kitako."

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Usiende tena."

"Lakini si unaona inasaidia?"

"Haisaidii. Nakunywa kwa sababu unanishika kichwa."

Nikamwambia yeye hajui, hakuyaona yale niliyoyaona. Nikamhesabia wa mtini, wa nyumbu, wa gari la ng'ombe, ukuta mzima wa watu, na kwamba nilimuuliza mzee wa kanisa mmoja mmoja, na hapakuwa na hata mmoja aliyekufa. Akaningoja nimalize. Akautoa mkono wake chini ya shuka, akauweka juu ya wangu.

"Waliokufa hawachorwi," akasema. "Carmela, yule Mtaliano wa kule kufulia, alinieleza zamani, tukikunja mashuka. Hizi herufi tatu huandikwa mtu akishapona, bwana: kwa neema niliyoipokea. Ni za kushukuru."