Tulipomwombea Kocha Ashindwe

Mdogo wangu ni kocha wa mpira wa Kimarekani. Sisemi kandanda. Nasema ule mchezo wa watu wenye kofia ngumu na mabega ya kubandika, wanaokimbia kidogo, wakaangukiana, wakainuka, halafu wakasimama kujadiliana kama wako kwenye kikao cha harusi. Sijawahi kuupenda, na msinibembeleze, sitaupenda.

Tuliachana kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, baada ya kukimbia vita kwetu Uvira. Yeye aliandikishwa pamoja na baba mdogo, wakapelekwa Marekani. Sisi tuliobaki tukashuka na baba na mama mpaka Johannesburg, tukapanga Malvern, nyuma ya Jules Street, na ndipo nilipo hadi leo. Mama alitutangulia, na wadogo zangu wengine wawili wakahamia miji mingine. Huko alikokwenda kijana akarefuka, akapanuka, akachukuliwa na timu ya shule, kisha ya chuo, kisha ya wale wanaolipwa. Alicheza miaka michache tu, goti likakataa. Wakambakiza awafundishe yale mabonge ya mstari wa mbele yanayosukumana.

Baba alikuwa fundi cherehani. Kila mteja aliyekuja kupunguziwa suruali alisimama pale na futi kiunoni mpaka asikie habari za mtoto wa Marekani. Mechi alizitazama kwenye simu ya mume wangu, na sheria zote alizijua. Utamsikia anafoka peke yake, "Wanataka kupiga teke tena! Waoga hawa! Songeni mbele!" Mimi nasuka nywele za mtu barazani nacheka. Eish, mzee yule.

Mwaka jana ini lake likaharibika. Hospitali walimtazama, wakatuambia tumrudishe nyumbani, tumpe anachotaka. Nikawapigia wadogo zangu. Mmoja akaja kutoka Durban, mwingine kutoka Lusaka, wakalala kwenye magodoro sebuleni. Akabaki yule wa Marekani.

"Yaya," akaniambia kwenye simu, maana ndivyo kwetu tunavyomwita dada mkubwa, "tumeingia mtoano. Tukishindwa Jumapili hii, msimu umekwisha, kesho yake niko kwenye ndege. Tukishinda, nisubirini wiki moja."

Nililipuka. "Baba anamalizika, wewe unanipigia hesabu za mpira? Hao mabonge ndio waliokuzaa?"

Halafu akasema taratibu kwamba baba mwenyewe ndiye aliyemkataza. Alimwambia akiiacha kazi ya watu njiani, asimwite tena baba.

Nikakata simu, nikaingia chumbani. Baba alikuwa macho, shuka imevutwa mpaka kidevuni. Nikamuuliza kama ni kweli.

"Ni kweli, mama," akasema. Alikuwa akiniita hivyo tangu nilipozaliwa. "Aje wakimaliza. Na wakishinda, ashinde."

Nikadhani ni fahari ya uzee. Hataki watu wa Marekani waseme mwanawe alikimbia kazi. Nikaona basi, kama hamna anayetaka kunisikia, nitamwendea Mungu.

Wanawake wa kanisani walikuwa wanakuja kumwombea mgonjwa kila Jumapili alasiri. Nikawavuta jikoni, nikawaambia hali yenyewe: timu ikishindwa, mtoto anakuja, baba anamwona. Mke wa mchungaji akashika kiuno. "Kwa hiyo tumwombe Mungu amshushe mdogo wako?" Nikamwambia ndiyo, amshushe. Akafikiri kidogo, akasema, "Sawa. Si wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone?" Tukashikana mikono kati ya jiko na friji. Mmoja wao, mtu wa moto sana, akaanza kumwomba Bwana awavunje miguu. Ikabidi nimfinye. Miguu waachie, dada yangu, tunataka washindwe tu.

Wakashinda.

Baba alifurahi mpaka akaomba uji, na akaunywa wote. Jumapili iliyofuata tukaomba tena, safari hii kwa kufunga. Wakashinda tena! Baba akataka tumwinue, tumwekee mito mgongoni, akawaeleza wadogo zangu jinsi mstari wa mbele ulivyofungua njia. Shingo yake ilikuwa imebaki mishipa mitupu, macho ya njano, na bado anapiga makofi. Nikatoka uani nikalia kwa hasira. Niliitukana ile timu, nikamtukana aliyeianzisha. Mke wa mchungaji alikuwa anaanua nguo zetu kwenye kamba, akajifanya hasikii.

Jumapili ya tatu sisi wa nyumbani tulijaa chumbani kwake wote. Sikuelewa kinachoendelea kwenye kile kisimu, nilikuwa namtazama mdogo wangu wa Durban usoni. Nilipomwona anatabasamu, nikajua. Nikapiga vigelegele. Wanawake wakaitikia kutoka jikoni, "Haleluya!" Nikainama kumkumbatia baba, nimwambie sasa anakuja, baba, anakuja.

Baba alikuwa amegeukia ukutani.

Nikawatoa wote. Nilipomgusa bega, niliona analia. Sikuwa nimemwona baba akilia tangu tulipomzika mama.

"Mmefurahi nini?" akaniuliza.

"Si anakuja, baba. Ulikuwa humtaki?"

"Nani hamtaki mwanawe?" Akapumzika, akavuta pumzi. "Mama, babu yako alilala kitandani muda mrefu, kule Uvira. Watoto walifika mmoja mmoja. Wa mwisho nilikuwa mimi. Nikaingia, nikamshika mkono, nikamsalimia. Sijaletewa hata maji ya kunywa, mzee ameshakwenda. Watu wakasema alikuwa ananisubiri mimi." Akanitazama. "Huyu ndiye wa mwisho wangu. Akiingia mlango ule, mimi nina nini tena cha kusubiri? Walipokuwa wanashinda, nilikuwa najihesabia wiki nyingine. Sijachoka bado, mama. Ninyi mnadhani nimechoka."

Mimi ninasifika mtaa mzima kwa mdomo. Nikajaribu kumwambia kwamba hayo ni mambo ya watu tu, kwamba uhai uko mikononi mwa Mungu. Akasema anajua. Lakini maneno yangu hata mimi sikuyaamini.

Mdogo wangu alifika Jumatano mchana. Ilibidi ainame mlangoni, jinsi alivyo mrefu, na goti lile likamfanya aingie upande upande. Baba alikuwa macho dakika ile ile, nimetoka kumpangusa midomo. Aliposikia sauti ya mwanawe ukumbini, akafumba macho. Akayafumba kwa nguvu kabisa, mpaka kope zikakunjamana.

Mdogo wangu akapiga magoti kwa shida. Akashika miguu ya baba juu ya blanketi. "Baba, nimefika." Akaibinya kidogo. "Baba, ni mimi." Alikaa vile mpaka jioni, hajala, hajavua koti, na baba hakufumbua jicho. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, najua, siwezi kusema.

Jua lilipokuwa linatua, baba akashindwa. Nadhani ilikuwa hamu tu. Akafumbua macho, akamtazama yule mtoto, kichwa, mabega, mikono ile mikubwa, akamtazama sana. Kisha akasema, "Mngeshinda tu, mwanangu."

Akafa kesho yake, kabla ya saa sita.

Wanawake walipokuwa wanatoa makochi nje na kutandika mikeka, nilimkuta mdogo wangu uani, amekaa juu ya kreti la soda. Alisema ametoka mbali kote kule kuja kusikia baba akimlaumu kwa mechi. Kwamba miaka yote amecheza akiwa na goti zima na akiwa na goti bovu, amefundisha, amelala ofisini, ili mzee yule ajivunie, na neno la mwisho likawa lile.

Nikamwambia yote pale pale. Habari za babu, za wiki zilizokuwa zinahesabiwa, za macho kufumbwa. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Mtu mkubwa vile, alilia kwa sauti mpaka wanawake wakaacha kutandika.

Alipoweza kusema, akasema, "Yaya, firimbi ya mwisho ilipolia vijana wangu walikuwa wanalia uwanjani. Mimi nilifurahi. Nilisema, asante Mungu, naenda kumwona baba."

Nikamwambia mimi nilipiga vigelegele. Na mdogo wetu wa Lusaka alifunga siku nzima, na kanisa zima liliomba. Katika wote waliompenda, aliyetaka timu ile ishinde alikuwa baba peke yake, na sisi tulikuwa wengi.