Shati Safi Siku ya Matokeo

Nilipelekwa Bukavu kusomea kilimo, na baba alinipa sharti moja kabla sijaondoka: ukifeli mwaka, unarudi Kigoma kuanika dagaa pamoja na wadogo zako. Sikumlaumu. Dagaa nilikuwa nimewageuza juani utoto wangu wote, na sikuwa na mpango wa kuwageuza tena. Kwa hiyo nilifika nikiwa nimejifunga kibwebwe.

Wenzangu walikuwa wamefunga tai. Sijawahi kuona watu wanaopenda viatu namna ile. Mji mzima ni mteremko na tope, na mtu anayejiita mhandisi wa kilimo wa kesho anaruka dimbwi kama mbuzi ili soli isichafuke. Tulipopelekwa kijiji cha Miti kuangalia mihogo yenye ugonjwa, walipigana picha shambani, mikono mifukoni, wakarudi garini bila kujua jani lipi lilikuwa gonjwa. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye udongo. Waliniita "muzee", wakacheka, nami nikawadharau bila kujificha.

Niliyemdharau kuliko wote nilikaa naye chumba kimoja, kwa mama mmoja mjane pale Kadutu. Darasa letu lilikuwa moja. Kijana huyu hakuwa na siku yake mwenyewe. Leo yuko matangani kwa marehemu asiyemjua, amekaa chini ya turubai anakunywa chai ya wafiwa. Kesho yuko kwaya. Jumapili anasherehekea ubatizo wa mtoto wa jirani wa shangazi wa mtu fulani. Madaftari yake yalikuwa mapya kama yalivyotoka dukani. Nikimuuliza atasoma lini, jibu lake lilikuwa moja: "Batu kwanza. Bitabu bitaningoja." Eti watu kwanza, vitabu baadaye! Upuuzi mtupu, na alikuwa akiusema huku anapaka viatu rangi.

Basi binti wa mama mwenye nyumba akaposwa, na harusi ikaangukia katikati ya blocus, yale majuma ya kujifungia na masomo kabla ya mitihani. Harusi ya Bukavu haiendi bila msafara. Vijana wa kike na wa kiume, wamevaa sare ya kitambaa kimoja, wanaingia ukumbini mbele ya maharusi wakicheza hatua walizofundishwa, taratibu, mbele kidogo, nyuma kidogo, kama kinyonga anayevuka njia. Kutoka mlangoni hadi jukwaani unaweza kumaliza sura nzima ya magonjwa ya migomba. Na hatua hizo hufanyiwa mazoezi kila jioni, uani, chini ya dirisha langu.

Siku moja mama mwenye nyumba akaja mwenyewe mlangoni kwangu, akaniita papa, kama kule wanavyomwita hata kijana.

"Papa, mu cortège tunakosa kijana moya. Utaingia na siye?"

"Nina mitihani, maman."

"Mwenzako naye iko na mitihani, na anacheza."

"Ndiyo maana atafeli."

Alinitazama kidogo. "Sawa, papa. Soma," akasema bila hasira, akarudi uani. Tangu hapo hakuniomba kitu tena, wala hakuna mwingine aliyeniomba, nami nikaona nimeshinda. Siku ya harusi niliachiwa nyumba tupu. Nilinywa chai yangu, nikasoma udongo wa bonde la Ruzizi kwa raha zangu.

Matokeo ya mwaka husomwa hadharani, kuanzia juu kwenda chini. Jina langu lilisomwa la kwanza: grande distinction. La mwenzangu lilikuja karibu na mwisho, satisfaction, alama za kuponea chupuchupu. Hakufeli, na hilo liliniudhi sana. Lakini dagaa nilikuwa nimewakwepa, na nilitoka nje furaha imenijaa hadi kooni.

Nje hapakaliki. Kule, aliyefaulu humwagiwa poda nyeupe na watu wake, kichwani, shingoni, mgongoni, kisha anarudi nyumbani kwa miguu hivyo hivyo ili barabara nzima imwone. Mama mwenye nyumba alikuja na kopo la poda, na binti yake, na wale wa msafara wote, wakamvamia mwenzangu mpaka yakabaki macho tu. Anapiga chafya, analia, wanamwimbia. Kwa alama zile! Mimi nilisimama kando na shati langu lililopigwa pasi. Mama akaniona. Akafuta kwanza kiganja chake kwenye kitenge, kisha akanipa mkono kama anampa mkaguzi wa shule.

"Félicitations, papa. Weye sitakumwangia. Minajua haupendake mambo ya batu."

Nilitaka amwage. Nilitaka sana, hata ile iliyobaki chini ya kopo. Nikasema, "Merci, maman."

Nikashika njia peke yangu. Kila kona palikuwa na mtu aliyepakwa poda, amezungukwa na nyimbo. Mama mmoja muuza maandazi, aliyenizoea, akanisimamisha na kunishika mkono.

"Pole, papa. Utarudilia mitihani mu deuxième session. Haiko mwisho ya dunia."

"Nimefaulu," nikamwambia. "Nimekuwa wa kwanza."

Akanitazama nywele, akanitazama shingo, akanitazama kola ya shati. Kisha akanifungia maandazi, akakataa malipo.

"Ndiyo, papa," akasema kwa upole. "Kula kwanza."