Siku Tulipompitisha Nyanya Moraa Uwanja wa Gofu

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na sisi tulikuwa tunamrudisha nyanya yangu nyumbani kumzika. Jina lake lilikuwa Moraa. Ndiye mama mzazi wa baba yangu, naye ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipoolewa tena mbali. Mimi wakati huo nilikuwa msichana mkubwa, nimemaliza chuo cha ualimu na bado sijapata shule ya kunipokea, na nilikuwa na hasira za kila aina. Kifo chake kiliziongeza.

Kwetu ni ndani, upande wa Itumbe, kule mashamba ya chai yanakoshuka mpaka mtoni. Ukitoka barabara kubwa ya Keroka unaingia barabara ya udongo inayozunguka uwanja wa klabu ya gofu. Ni klabu ya zamani sana. Wazungu wa serikali ndio walioianzisha, wakajenga nyumba yenye bomba la moshi na baraza ya mbao, wakapanda misonobari kandokando. Walipoondoka waliwaachia wakubwa wetu: madaktari, mawakili, wenye maduka wa Kisii mjini. Sisi wa kijijini tuliijua kwa ua wake tu, na kwa mipira myeupe ambayo mara mojamoja iliruka ua ikaangukia kwenye chai yetu.

Lori lililombeba nyanya lilifika kwenye kijito, tukakuta daraja la mbao limekwenda na maji. Dereva alishuka, akatazama, akarudi akitikisa kichwa. Kuzunguka njia ya juu kungetufikisha jioni sana, na huko nako lori lingezama kwenye matope. Padri alikuwa anatungoja nyumbani tangu mchana. Mbingu nazo zilikuwa zimeanza kunguruma tena, na unajua radi za huku kwetu hazina mchezo. Njia iliyobaki ilikuwa moja. Kulibeba jeneza mabegani na kukatiza uwanja wa gofu, ambao mwisho wake unapakana na shamba la jirani yetu.

Langoni askari alituzuia. Alisema kuna mashindano, wageni wametoka Kericho na Kisumu, na yeye hana ruhusa ya kumwingiza mtu. Hakusema kwa ubaya, maskini, lakini mimi nilipanda moto. Niliwageukia binamu zangu nikasema kwa sauti, "Sisi ni wengi. Tusukume lango tupite. Tena tupite palepale juu ya zile nyasi zao wanazozinyoa kama kichwa, tuzikanyage mpaka wajue leo kuna msiba!"

Vijana waliitikia. Wawili walikwishashika lango.

Baba mkubwa Onchari, mtoto wa kwanza wa nyanya, alikuwa amesimama kando ya jeneza, mkono wake juu ya kifuniko. Hakupaza sauti. Aliniita kwa jina langu, "Kerubo," nikaenda.

"Mama yangu alikuwa anawaruhusu watu wakatize shamba lake kwenda kisimani. Unakumbuka?"

"Nakumbuka, baba."

"Ulishawahi kumwona yeye akikatiza shamba la mtu bila kubisha hodi?"

Nililitazama jeneza.

"Basi leo usimpitishe kwa nguvu. Siku zote za maisha yake hakupita hivyo." Akawaambia vijana waachie lango, akavua kofia yake, akamwomba askari ampeleke kwa mkubwa wa pale. Kisha akaniambia, "Twende wote. Uje usikie watu wanavyoongea."

Tulimkuta nahodha wa klabu karibu na misonobari. Alikuwa wakili, Bwana Makori, mtu wa makamo, suruali imepigwa pasi vizuri. Alitupa pole, na naamini aliitoa kwa moyo. Lakini aliposikia tunachotaka, uso ulibadilika.

"Mzee, nielewe," alisema. "Mwaka huu watu wameshaniingizia ng'ombe humu. Wamenichimbia nyasi. Nikifungua leo, kesho hapa patakuwa barabara ya kila mtu, nami wanachama wataniuliza."

Nilifungua mdomo. Baba mkubwa alinigusa mkono, nikaufunga.

"Bwana mkubwa," alisema taratibu, "mimi sikuombi barabara. Naomba njia ya mtu mmoja, na huyo harudi."

Mwanangu, palikuwa na wachezaji kadhaa waliokuwa wanangoja zamu zao, na wote waligeuka kututazama. Bwana Makori alitazama chini. Nikaogopa kwamba atasema hapana, na kwamba baba mkubwa atashukuru na kuondoka. Maana ndivyo alivyokuwa, angeshukuru kweli.

Mchezaji mmoja mzee alisogea. Alikuwa Mzee Sefu, mwenye duka la vitambaa mjini Kisii, Mwislamu. Hata sisi wa kijijini tulimfahamu kwa kumwona dukani kwake. Alilaza kijiti chake cha kuchezea chini, akauokota mpira wake uliokuwa karibu kabisa na shimo, akautia mfukoni.

"Nahodha, mimi nimeacha kucheza," alisema. "Kwetu jeneza likipita hatukai tukaliangalia, tunatoa bega. Liko wapi?"

Hapo Bwana Makori alivua kofia. Alimwambia askari afungue lango lote, akaenda mwenyewe kuwasimamisha waliokuwa wakicheza kule mbali. Kwa baba mkubwa aliomba jambo moja tu, tusipite juu ya grini. Ndivyo wanavyoziita zile nyasi laini zinazozunguka shimo lenye bendera. Alieleza kwamba zikiumia huchukua muda mrefu kupona.

"Hatutazigusa," alisema baba mkubwa, akaja akatuambia sote. Wanawake walivua viatu vyenye visigino. Tulikwenda pembeni, kwenye nyasi ndefu zenye maji, tukizunguka kila grini ingawa njia ilikuwa ndefu zaidi na jeneza zito. Mzee Sefu alibeba upande wa mbele, nguo zake nzuri zikilowa. Tulipita kwenye mipira iliyoachwa pale ilipokuwa, na shangazi yangu Kwamboka, aliyekuwa akilia kwa sauti kubwa, alinyamaza kila alipofika kwenye mpira, akauruka kwa uangalifu kama yai, halafu akaendelea na kilio chake. Nilicheka, mwanangu, siku ya kumzika nyanya yangu. Nilicheka na machozi yanatoka, na nadhani ndipo nilipoanza kupoa.

Wachezaji walisimama kofia mkononi mpaka tukatoka upande wa pili. Mzee Sefu hakuishia hapo. Alifika nasi mpaka kaburini, akarudi jioni viatu vyake vimejaa udongo mwekundu.

Nilidhani mambo yamekwisha. Lakini baada ya siku chache baba mkubwa alitukusanya tena mimi na binamu zangu, akatuambia tuchukue majembe.

"Twende wapi?"

"Kwenye gofu. Tumeacha mashimo ya miguu."

"Baba, wale wana wafanyakazi wao," nilisema.

"Wafanyakazi wao hawakuomba ruhusa. Tuliomba sisi."

Tukaenda, tukafukia, tukapandikiza nyasi. Bwana Makori alitukuta pale. Alitutazama tukifukia, akaagiza chai iletwe, akaketi nasi chini kwenye nyasi tukanywa. Aliniuliza ninafanya kazi gani, nikamwambia nimesomea ualimu. Nikamuuliza kile kijiti kinashikwaje, naye akanionyesha. Niliupiga mpira, ukaenda hatua chache tu ukaanguka kwenye dimbwi la maji, na binamu zangu wakanicheka mpaka nami nikacheka.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa mwalimu mkuu, niliingia klabu ile kama mwanachama. Hata sasa, na magoti haya, nikipata nafasi naenda kucheza mashimo mawili matatu asubuhi. Daraja lilijengwa upya, la zege, na hakuna aliyegeuza uwanja kuwa barabara.

Nakusimulia haya kwa sababu nasikia wewe na wenzako mna jambo na wenye shamba la kule juu, na mnazungumzia kuvunja ua. Inawezekana mna haki. Sisi pia tulikuwa na haki. Lakini kabla ya kugusa ua wa mtu, mtumeni mmoja wenu akaongee, na asiwe yule mwenye hasira zaidi. Omba kile unachokihitaji, usizidishe. Msikilize mwenye mahali akikuambia anachokiogopa, kwa maana mara nyingi hakuogopi wewe, anamwogopa aliyekuja kabla yako. Ukipewa njia, pita kwa adabu, kisha rudi ufukie nyayo zako, ili atakayekuja baada yako akute mlango bado una huruma. Na ikitokea siku moja wewe ndiye mwenye lango, na mtu amesimama nje na msiba wake, usimngojeshe sana.

Haya, nenda salama. Nyasae, Mungu wetu, akulainishie ulimi unapoomba na mkono unapotoa, akujaalie watu wa kukupa bega siku ya uzito, na uzee wako ukukute una marafiki katika nyumba ambamo hukuzaliwa.