Ukuta wa Timazi Uliopinda

Mwashi huyu walimpachika jina la Timazi, kwa ile kamba yenye chuma anayoining'iniza ukutani kuona kama umesimama wima. Ukuta wake ukipinda hata kidogo, hapati usingizi. Kuishi na mtu wa namna hiyo ni kazi, muulize mkewe.

Mkewe alikuwa na kichaka chake nyuma ya nyumba, kifupi, hakifiki gotini, chenye vimaua vya manjano. Hakuna aliyekipanda. Aina hiyo huota kwenye mawe ya mlimani, na hiki kilijibana kwenye ufa wa ukuta mkongwe wa ua. Kila asubuhi mama huyo alikijulia hali kabla hata ya kumjulia mumewe.

"Wenzangu wana wake wenza," Timazi alilalamika, "mimi nina kichaka mwenza."

Mama alipolazwa hospitali kwa maradhi ya moyo, Timazi akaona amfurahishe: abomoe gofu lile la ukuta amjengee mpya. Akaujenga ukasimama wima, na kichaka akakihamishia kwenye ndoo ya udongo mweusi na samadi, akakimwagilia asubuhi na jioni. Majani yakaanza kupukutika. Akaongeza maji. Yakapukutika zaidi.

Ndipo binti yao akapiga simu. "Baba, mama karuhusiwa, tunakuja kesho. Anauliza, kichaka chake hakijambo?"

Ampokee mkewe kwa kichaka kilichokufa? Aliogopa kuliko alivyoogopa hospitalini, maana kule walikuwepo madaktari. Akaitazama ndoo, udongo umelowa chepechepe, na hatimaye akili ikamjia: kichaka hiki ni cha mawe, na mawe yeye anayajua. Akachukua nyundo. Hakuwahi kubomoa kazi ya mikono yake, lakini kona moja ya ukuta mpya aliivunja, akayapanga pale mawe ya ule wa zamani bila saruji, kichaka katikati. Ukuta ukatoka tumbo.

Mama alifika kesho yake, kamwegemea binti yake. Akautazama ukuta.

"Baba watoto, ukuta umepinda."

"Umepinda."

"Umeuona?"

"Nimeupinda mwenyewe. Kichaka kwao ni pale."

Kichaka kilikuwa na majani ya kuhesabika, ua hata moja hakuna. Mama akauachia mkono wa binti yake, akaushika wa mumewe, uliojaa michubuko.

"Hujambo, fundi wangu?" akasema.

Kichaka, siku hiyo, kilisubiri zamu yake.