Muuguzi Asiyeuliza Kama Inauma

Muuguzi wa wodi ya watoto wenye saratani haulizi kama inauma. Watoto hao, asema, wataapa haiumi hata ukiwakalisha kwenye makaa, mradi wasichomwe sindano mara ya pili. Kwa hiyo yeye huangalia. Mikono yake ni mikubwa kama ya mkata kuni, ila kila akipita hugusa palipoingia sindano kwa mgongo wa kidole, taratibu, huku mdomo ukigombana na mapazia na daktari aliyechelewa.

Mama wa binti wa kitanda cha dirishani alimwona mkali bure, mpaka asubuhi ile. Binti alikuwa akifunua kitabu cha picha. "Tangu lini unatumia kushoto, bibie?" muuguzi akauliza, na papo hapo akafunga dripu. Chini ya shuka, mkono wa kulia ulikuwa umevimba. Dawa ilikuwa ikivuja nje ya mshipa, na dawa ile huunguza nyama.

"Chomoa hiyo sindano, dada!" mama akapiga kelele.

"Tulia, mama. Nikichomoa, dawa inabaki ndani. Naivuta kwanza kwa mlango ule ule ilioingilia."

Akavuta polepole kwa bomba la sindano, ndipo akaichomoa, akazungushia uvimbe alama ya kalamu aone kama utaongezeka, akaulaza mkono juu ya mto.

"Utanichoma tena?" binti akauliza. Mama akafungua mdomo aseme hapana.

"Nitakuchoma," muuguzi akasema, "na itauma. Ila ukihisi moto, nipigie kelele hata kama nakula."

Binti akamtazama, kisha mwenyewe akamnyooshea mkono wa kushoto.