Sufuria za Mke wa Hamisi

Najitolea katika kituo cha waraibu wanaopona hapa Msambweni. Kazi yangu ni kupika chai. Juzi, kwenye sherehe ya waliotimiza mwaka bila unga wa kulevya, nilipewa kipaza sauti nisome visa walivyojiandikia wenyewe. Waraibu waliotoka Vanga, Hamisi akiwa mmoja wao, sikuwajua kwa sura, ila kwa raha ya kile kipaza sauti sikuuliza mtu.

"Hamisi Bakari!" niliita.

Mzee mmoja wa kanzu, aliyekaa katikati ya waraibu, aliinuka polepole. Nikamvisha shada la asumini.

"Huyu alimwaga wali wa mkewe akauza sufuria! Mtazameni leo!"

Ukumbi ulinyamaza. Nikadhani wameguswa, nikaongeza habari za godoro aliloliuza pia.

Mzee akaniinamia. "Mwanangu, mimi ndiye mgeni wenu wa heshima. Nilidhani naitwa nihutubie. Kumbe tuko wawili wenye jina hili."

Nikashusha kipaza sauti. Huko nyuma akasimama mwanamume mwembamba, anacheka mpaka machozi yanamtoka.

"Shikamoo, mzee. Dada, aliyeuza sufuria ni mimi. Na mwenye sufuria nimekuja naye, huyu hapa."